Huyo Bundi Wako Si Kamera

Wasee wa Dungeons & Dragons, leo tubonge ukweli. Mchawi wa levo ya kwanza akishika ule uganga wa Find Familiar, anaitanga nani? Bundi. Kila meza, bundi. Na rada tunaijua: anaruka futi 60 kwa raundi moja, anaona gizani, na akimpita adui anasepa bila kuchapwa. Kwa namba ameweza. Shida ni akishafika hana jina, hana maneno, hakuna kitu anapenda wala kitu inamboo. Anatumwa acheki pango, anadedi, analipiwa mwingine. Manze hiyo inaniuma, juu hapo ndio kuna utamu, na wasee wanaupita mbio.

Cheki vile sheria zenyewe zimeseti mambo. Kwa toleo la 2014, huyo mnyama si mnyama. Ni roho imevaa mwili wa paka, chura, kunguru ama hata pweza, na wewe ndio unachagua kama imetoka mbinguni, kwa mafairi ama kuzimu. Umekaa lisaa lizima ukichoma makaa, ubani na majani ya sarafu 10 za dhahabu, ukaita kiumbe chenye kina kwao. Alikuwa anado nini ukimwita? Ukishajibu hiyo, kazi ingine inajipa.

Kitambo mambo ilikuwa ngumu. Players Handbook ya 1978, ile ya Gary Gygax, ilikuwa inakurushisha dadu ya pande 20, na ukiangukia chura, basi ni chura. Akidedi, unapoteza pointi za uhai mara mbili ya zake, na hazirudi. Siku hizi kifo chake ni hizo sarafu 10 tu. Uchungu inabidi uulete mwenyewe.

Anza na jina. Uingereza mwaka wa 1645, kule Manningtree, mathee mmoja mzee wa mguu mmoja, Elizabeth Clarke, alinyimwa usingizi mpaka akataja pepo zake. Matthew Hopkins, mwenye alikuwa anawinda wachawi, aliandika hayo majina kwa kitabu chake cha 1647: Vinegar Tom, mbwa mrefu wa kichwa cha ng'ombe, na Sacke and Sugar, sungura mweusi. Huyo mathee alinyongwa, na hiyo ni dhuluma, hakuna story ingine. Lakini hayo majina ukiyasikia mara moja hayakutoki.

Sasa weka kunguru mezani, umwite Keateka. Roho yake kule kuzimu ilikuwa inachunga milango, kwa hivyo hana imani na mlango wowote. Unamtuma kwa pango la goblini, unafunga macho uone kwa macho yake (kwa hilo toleo la 2014, mwili wako hapo umebaki kipofu na kiziwi). Kitu ya kwanza unaona ni nini? Si mapanga. Ni bawaba imelegea. Halafu dari inavuja. Halafu msee amelala kwa zamu yake, na Keateka amemkazia macho akiwa na hasira. Goblini wenyewe anawahesabu mwisho. DM, ule msee anaendesha gemu, amekupatia habari zile zile tu, lakini sasa unajua mlango gani utavunjika. Na juu kunguru anaigizanga sauti, usiku mkilala anatoa mlio wa funguo.

Sheria inasema lazima akutii. Poa. Vile anatii ndio yake. Mwingine anaenda akinung'unika kichwani mwako futi zote 100 mpaka mawasiliano yakatike. Mwingine hasemi kitu, anakuonyesha tu harufu.

Hata bundi anaweza iva hivi. Huku kwetu akilia juu ya hao, watu wanasemanga msiba umebisha. Cheza bundi mwenye anajua hivyo, mwenye akitua kwa dirisha anaona mama akificha mtoto, na bado lazima abaki hapo juu umemtuma. Huyo siwezi msahau.

Akidedi akarudi, usimrudishe kama hakuna kitu imehappen. Anakumbuka mshale. Labda saa hii hataki kutangulia, anaenda tu juu hana choice, na anakuangalia kwanza.

Usizidishe, though. Mnyama mwenye anabonga kushinda mbogi yote anaua gemu ya wengine. Line moja kali kwa kila tukio inatosha.

Kwa hivyo next taimu mkikaa, kabla ya dadu kuanguka, mwambie DM wako vitu tatu: jina lake, mahali ametoka, na kitu macho yake yanatafutanga kwanza. Halafu mtume kazi.