Jino, Kuvu na Uhaba wa Maneno

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walinena wahenga. Je, ufa ukizibwa ilhali uchafu ungali ndani? Swali hilo lilinijia juzi kwa daktari wa meno, gego langu likiuma upya miaka miwili baada ya kutibiwa kwingineko.

Daktari alinieleza, kwa Kiingereza, kwamba mizizi ya jino ina mifereji myembamba, na kiini chake kikifa vijidudu huhamia humo. Wengi ni bakteria. Lakini mara nyingine, hasa katika jino lililotibiwa lisipone, hupatikana pia kuvu iitwayo Candida albicans, ambayo huishi vinywani mwa watu wengi bila kuwadhuru. Haidroksaidi ya kalsiamu, dawa iliyoanza kutumiwa mnamo 1920, huangamiza bakteria wengi, ila kuvu hiyo huistahimili. Kwa hivyo mifereji huoshwa kwa sodiamu haipokloraiti ya asilimia 0.5 hadi 5.25, kemikali ile ile ing'arishayo nguo zetu, au klorohekisidini ya asilimia 2. Hata hivyo, mbili hizo hazichanganywi. Zikikutana hufanya mashapo ya kahawia yanayoweza kuziba vitundu vya jino.

Nilielewa. Mzee niliyemkuta akisubiri hakuelewa. Yeye aliambiwa tu kwamba jino lake lina "ukungu".

"Mwalimu," aliniuliza, "ukungu si ule wa alfajiri? Umeingiaje kinywani?"

Kabla sijamaliza kumfafanulia, aliitwa ndani. Alitoka na pengo. Huenda jino lile halikuwa na tiba nyingine, sijui. Nijualo ni kwamba aliamua bila kufahamu alichokuwa akikiamua. Nayo jino la pembe si dawa ya pengo.

Wapo watakaodai kuwa Kiswahili hakina istilahi za kazi hii. Sikubaliani nao. Tunalo neno kuvu. Tunajua pia kuwa kusafisha ni kuondoa uchafu uonekanao, na kutakasa ni kuua viini visivyoonekana. Mwaka wa 2020, maradhi ya korona yalipoingia, "vitakasa mikono" vilienea midomoni mwa watu kwa muda mfupi mno. Haja ilikuwapo, nasi tukasema.

Walimu wenzangu, mwanafunzi anayesomea udaktari leo atamhudumia mzee kama yule kesho. Tumfunze kutibu, na tumfunze kueleza.