Kununua gari nyepesi ya michezo ya okazyo: tazama chini kabla ya kufungua kapo

Chini ya saa moja kwa gari kutoka Liège, mji wa Ubelgiji ambamo jamaa nyingi za Wakongomani zinaishi, kuko uwanja wa mbio wa Spa-Francorchamps. Dunia inaujua sababu ya Formula 1. Lakini siku ambazo hakuna mashindano, uwanja huo, sawa na ule wa Zolder katika mkoa wa Limburg, hukodishwa kwa makundi yanayomkaribisha mtu yeyote mwenye gari, ruhusa ya kuendesha na kofia ya kinga. Analipa, anaingia, anazunguka.

Hayo si mashindano. Hakuna kombe, na kwa kawaida ni marufuku hata kupima dakika. Asubuhi kila dereva anaelezwa maana ya bendera na upande ambao mwenye kasi anaruhusiwa kupita. Kisha wanaingia kwa zamu, na mtu anaweza kusukuma gari yake kwa namna ambayo barabarani ingemfikisha mbele ya polisi, ao kaburini.

Wengi wanaoanza wanatafuta gari nyepesi ya watu wawili, ya zamani kidogo, ya bei ambayo mfanyakazi anaweza kufikia kwa kuweka akiba. Na swali lao la kwanza kwa muuzaji ni hili: mota iko na nguvu ya farasi ngapi? Mafundi wanaozijua gari hizi wanauliza mengine mawili kwanza. Iko na kilo ngapi? Na kutu imefika wapi?

Kilo ni jambo la breki. Gari inapopunguza mwendo, nguvu yote ya ule mwendo inageuka kuwa moto ndani ya diski na pedi za breki. Tuchukue gari ya kilo 1,000 inayotoka kilometa 150 kwa saa na kushuka mpaka 60 kabla ya kona. Moto unaotoka katika sekunde hizo chache ungetosha kuchemsha lita mbili na kidogo za maji baridi. Gari ya kilo 1,600 ikifanya vilevile, ni karibu lita tatu na nusu. Na kona inayofuata kazi inaanza tena, diski hazijapoa. Matairi pia yanabeba ule uzito kwenye kila kona. Ndiyo maana gari kubwa yenye nguvu inaweza kumaliza pedi na matairi yake kwa siku moja, wakati ile ndogo inarudi nyumbani na matairi yaleyale.

Ndani ya mabomba ya breki kuko mafuta, na hapo ndipo hatari inajificha. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewa polepole, mwaka baada ya mwaka. Mafuta ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakishaingia unyevu, kiwango kinachokubaliwa kinashuka mpaka 155. Yakichemka yanatoa mvuke. Mafuta hayakandamiziki, mvuke unakandamizika: dereva anakanyaga, pedali inazama mpaka chini, na gari inaendelea kama vile hakuna kitu kilichofanyika. Dereva wa Fuso anayeteremka Ngomo na mzigo, kati ya Bukavu na Kamanyola, hahitaji kuelezwa harufu inayotangulia mambo hayo.

Kwa hiyo ukimwona muuzaji anasifia mota ya turbo aliyoiongeza mwenyewe, uliza kwanza breki alizifanyia nini. Mara nyingi jibu ni kimya.

Gari ambayo karibu kila kundi la madereva linamtajia anayeanza ni Mazda MX-5, na kwa mara hii wengi wako na haki. Wazo lake lilipendekezwa kwa Mazda na Bob Hall, mwandishi wa habari wa Marekani aliyependa gari ndogo za wazi za Waingereza za zamani. Ilionyeshwa mara ya kwanza Chicago mwezi wa pili 1989, na kufika 2016 zilikuwa zimekwisha kutengenezwa zaidi ya milioni moja. Mota iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanasukuma, na zile za kwanza ziko na uzito wa karibu tani moja tu. Nguvu ya ile mota ya kwanza ya lita 1.6 haipiti sana farasi 115. Kwa anayejifunza hiyo ni faida: akikosea, anakosea polepole. Na sababu zilitengenezwa nyingi, vipuri vipya na vya okazyo havikosekani, na matairi yake ni madogo, ya bei ya gari ya kawaida.

Kuko vizazi vinne: cha 1989 mpaka 1997, cha 1998 mpaka 2005, cha 2005 mpaka 2015, na cha sasa. Mwenye pesa kidogo atakutana zaidi na cha pili na cha tatu. Zile za kwanza zimeanza kupanda bei, watu wanaziweka kama ukumbusho, na hakuna haja ya kulipa bei ya ukumbusho kwa gari ya kuchosha uwanjani.

Sasa kutu. Katika Ubelgiji na Uingereza wakati wa baridi barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu isishike, na chumvi hiyo inakula chuma. Kwenye MX-5 kuko pahali tatu pa kutazama kabla ya kitu kingine chochote. Pa kwanza ni vizingiti vya chini ya milango, hasa upande wa nyuma karibu na gurudumu. Maji ya mvua yanayoshuka kutoka paa la kitambaa yanapaswa kutoka kwa vitundu vidogo nyuma ya viti. Majani na vumbi vikiziba vitundu hivyo, maji yanashuka ndani ya kizingiti na kulala humo, na chuma kinaoza kutoka ndani. Nje rangi inang'aa. Kinachoonekana mwanzoni ni vipovu vidogo tu chini ya rangi, ao zulia lenye unyevu. Weka mkono chini ya zulia nyuma ya kiti, hata kama muuzaji anakutazama vibaya.

Pa pili ni matao ya magurudumu ya nyuma. Hapo kutu inaonekana wazi, na ni rahisi zaidi kuitengeneza.

Pa tatu ndipo pabaya zaidi, na ni kwenye kizazi cha pili: mihimili miwili ya mbele ya shasi, ile inayobeba mota na vyuma vya magurudumu ya mbele. Iko wazi ndani, maji yanaingia, kutu inaanzia humo. Haiwezi kuonekana kwa kusimama kando ya gari. Lazima gari inuliwe na mtu apite chini na taa, agonge kwa mpini wa bisibisi, asikilize. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya karatoni. Rangi nyeusi nzito iliyopakwa juzi chini ya gari ya miaka 20 ni sababu ya kuwa na wasiwasi, maana chini yake panaweza kuwa bati lililobandikwa juu ya kutu. Gari ya namna hiyo inaweza kwenda sokoni kila siku bila shida. Lakini uwanjani, kwa kilometa 150, ndicho chuma kinachoshika gurudumu.

Kuko MX-5 nyingine zilizotumika kwanza Japani kwa jina la Eunos Roadster, halafu zikauzwa Uingereza, kwa sababu inchi zote mbili wanaendesha kushoto. Ni biashara ileile ya okazyo za Japani iliyoleta gari nyingi za volani ya kuume Goma na Bukavu kupitia Dar es Salaam na Mombasa. Mara nyingi zilifika na kutu kidogo kuliko zile za Ulaya, ila miaka michache ya chumvi ya Uingereza inatosha kufuta tofauti hiyo. Jina «Eunos» peke yake halilindi chuma. Na anayeishi Ubelgiji ajue kwamba tangu mwanzo wa 2021 gari inayotoka Uingereza inapita kwa ushuru, kwa hiyo bei anayoiona kwenye tangazo siyo atakayoilipa.

Mota yenyewe ni ngumu na haina maneno mengi. Ifike mnunuzi ikiwa baridi: muuzaji aliyeipasha moto mapema labda anaficha kitu. Sauti ndogo ya kugonga-gonga juu ya mota ya kizazi cha kwanza ni ya kawaida, haiui. Ubaya uko kwenye zile za 1989 mpaka mwanzo wa 1991, ambazo ncha ya mbele ya krankishafu ni fupi na inaweza kulegea. Puli ya mbele ikiwa na mianya minne ni ile ya zamani, minane ni iliyotengenezwa upya. Kichwa cha plastiki cha radiatere kikigeuka kutoka nyeusi kuwa rangi ya kahawia, kinakaribia kupasuka. Kukibadilisha kabla ya kwenda uwanjani ni bei ndogo kuliko kuua mota. Kwenye jaribio, vitesi ya pili ikikwaruza kidogo asubuhi inasameheka, ikikwaruza na moto haisameheki.

Vipi kuhusu gari nyingine? Lotus Elise ya 1996 iko na kilo karibu 725, na hakuna anayebisha kwamba inageuka kona kuliko MX-5. Lakini shasi yake ni ya aluminiamu iliyounganishwa kwa gundi: ikipinda kwa ajali hainyooshwi kwa nyundo, na maumivu yanaweza kujificha nyuma ya mwili wa plastiki. Zile za mwanzo ziko na mota ya Rover inayojulikana kwa kuunguza gasketi ya kichwa. Ukifungua kifuniko cha mafuta na kukuta ute mweupe kama mayonezi, uliza maswali. Bei yake pia ni ya mtu mwingine.

Toyota MR2 ya kizazi cha tatu, iliyotoka 1999, ni nyepesi na ya bei nafuu. Mota yake, 1ZZ, mafundi wa kwetu wanaijua kutoka RAV4 za zamani za lita 1.8. Zile za mwanzo zinaweza kunywa mafuta, na katalisi ya kwanza inaweza kuvunjika na vipande vyake vikarudi ndani ya mota. Na kwa sababu mota iko nyuma ya viti, dereva mgeni anayeachia ghafula pedali ya mafuta katikati ya kona anaweza kujikuta anatazama alikotoka. Ni gari ya mwaka wa pili.

Karatasi zisomwe kabla ya safari ya kwenda kutazama gari. Ubelgiji, muuzaji analazimika kutoa karatasi ya Car-Pass inayoonyesha kilometa zilizoandikwa mwaka kwa mwaka, ili mtu asirudishe saa nyuma. Uingereza, matokeo ya ukaguzi wa kila mwaka, MOT, yanasomwa bure kwenye intaneti kwa kutumia namba ya gari. Neno la kutu likijirudia miaka mitatu, halafu likapotea mwaka wa nne, fundi ameshapita na bati lake.

Kwenda kutazama gari bila kofia ya kinga ni kupoteza safari. MX-5 ni gari ya wazi, na waandaaji wengi wanadai chuma cha kinga nyuma ya vichwa, kwa sababu gari ikipinduka kioo cha mbele hakitoshi. Kaa ndani umevaa kofia, rafiki aweke mpini wa ufagio kutoka juu ya kile chuma mpaka juu ya fremu ya kioo. Kofia ikigusa mpini, wewe ni mrefu kwa gari hiyo: badilisha kiti, ao tafuta nyingine. Na chuma hicho kinafungwa kwenye shasi. Kikifungwa kwenye chuma kilichooza, ni pambo.

Halafu pesa. Mwenye euro 8,000 asinunue gari ya euro 8,000. Bado kuko pedi, mafuta ya breki, matairi, chuma cha kinga, ada ya siku, na lori la kuirudisha ikigoma. Asiransi ya kawaida mara nyingi inasema wazi kwamba haigusi uwanja wa mbio, na kwenye viwanja vingi anayevunja ukuta wa chuma wa pembeni anaulipa yeye. Mtu asipeleke huko gari ambayo hawezi kuipoteza, hasa kama ni ileile inayompeleka kazini Jumatatu.

Gari ikishapatikana, kazi ya kwanza ni kumwaga mafuta yote ya breki na kuweka mapya, hata kama muuzaji anaapa aliyabadilisha. Siku ya kwanza, mizunguko minne ao mitano inatosha, halafu mmoja wa polepole bila kugusa breki sana ili diski zipoe. Na ukisimama, breki ya mkono usiivute: pedi zenye moto zinaweza kushikana na diski. Acha gari ndani ya vitesi ya kwanza, weka jiwe chini ya gurudumu.