Mbegu Hubaki Shambani

Swali limekuja tena, kwa maneno yaleyale: mimi ni Mkristo, biashara yangu imekwama, nipande mbegu kiasi gani ili ifunguke? Anayeuliza si mjinga. Ana leseni, ana namba ya mlipakodi, ana duka lenye mzigo, na Biblia yake imejaa mistari iliyopigwa kalamu. Asichokuwa nacho ni hesabu ya mwezi uliopita. Jibu la kihasibu ni sifuri. Na kwa kuwa mhasibu akisema hivyo huambiwa mara moja kwamba hana imani, tuanzie hukohuko kwenye imani.

Zaka ya Waisraeli, inavyoelezwa katika Kumbukumbu la Torati sura ya 14, ilitolewa kwenye kile shamba lilichozaa mwaka hadi mwaka. Mifugo nayo ilihesabiwa ikipita, na wa kumi ndiye aliyetengwa, maana yake hesabu ilitangulia sadaka. Hakuna mkulima aliyeambiwa achukue debe la mbegu za msimu ujao alipeleke hekaluni kisha akasubiri shamba tupu liote. Malaki, nabii anayetajwa kila Jumapili kikapu kinapopita, anazungumzia ghala la chakula, na chakula hicho kilikuwa cha Walawi, ambao hawakupewa ardhi ya kulima. Mstari wa Paulo kwa Wakorintho kuhusu apandaye haba na apandaye kwa ukarimu unatoka kwenye mchango wa kuwasaidia maskini wa Yerusalemu, na sura moja kabla yake Paulo anaeleza kwamba fedha hizo zitasindikizwa na watu walioteuliwa na makanisa ili asiwepo wa kumlaumu. Huo ni ukaguzi wa hesabu. Ajabu ni kwamba wanaoshika sura ya tisa hawana habari na sura ya nane.

Mafundisho ya kupanda pesa kwa mtumishi ili urudishiwe zaidi ni mapya kuliko reli ya kati. Aliyeyaeneza kuliko wengine ni mhubiri wa Marekani, Oral Roberts, aliyeyaandikia kitabu mwaka 1970. Mwaka 1981 Roberts alifungua hospitali kubwa huko Tulsa. Mwaka 1989 ilifungwa kwa madeni, ingawa kama kuna mtu duniani aliyekuwa na waumini wa kupanda mbegu, ni yeye. Sisi Tanzania tulipata somo letu kwa DECI, mpango ulioendeshwa na wachungaji kwa lugha hiyohiyo ya kupanda na kuvuna. Mavuno ya aliyetangulia yalikuwa mbegu za aliyefuata, basi. Hapakuwa na shamba popote. Serikali iliusimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake kwa kuendesha upatu haramu. Ungetarajia neno lenyewe lingeona aibu kurudi madhabahuni. Limerudi, na sasa lina namba ya simu ya kutumia pesa.

Tuingie dukani, maana huko ndiko uharibifu unakoonekana. Chukua duka la kawaida lenye mtaji wa shilingi milioni 4, linalouza milioni 3 kwa mwezi. Bidhaa zilizouzwa zilinunuliwa kwa milioni 2.4, kwa hiyo faida ghafi ni 600,000. Toa pango, umeme, usafiri na mshahara wa kijana wa dukani, jumla 360,000; inabaki faida halisi ya 240,000. Mwenye duka anahesabu pesa iliyopita mkononi, anasema Mungu amenipa milioni 3, anatoa 300,000. Ametoa zaidi ya faida yote. Ile 60,000 ya ziada imekatwa kwenye mtaji, na hapo hajala, hajalipa ada ya mtoto. Kwa mwaka ni 720,000 zilizotoka kwenye mzigo, halafu anashangaa rafu zinapukutika na kuhisi kuna mkono wa mtu. Zaka ya faida ingekuwa 24,000. Sasa ongeza mbegu maalumu ya 500,000 ya kuvunja laana hiyo. Mzigo wa 500,000 katika duka hili huleta faida ghafi ya 125,000 kila unapogeuka, nao hugeuka kama mara saba kwa mwaka. Aliyeutoa amejinyima 875,000 kwa mwaka, kisha anarudi kuuliza kama aongeze kiasi. Laana haijapatikana, pesa imeonekana ilikokwenda.

Watasema wapo waliopanda na wakafunguka. Wapo, kama walivyopo walioshinda bahati nasibu. Anayepewa kipaza sauti ni aliyefanikiwa. Aliyefunga duka hata ibada ameacha kwenda kwa kuona haya, na akiwepo ataambiwa imani yake ilikuwa ndogo. Dai lisiloweza kushindwa kwa matokeo yoyote si ushahidi wa kitu. Watamtaja pia R. G. LeTourneau, Mmarekani aliyetengeneza mitambo ya kuchimba na kusawazisha ardhi, aliyetoa asilimia 90 na kuishi kwa 10. Ni kweli alitoa. Lakini alitoa kwenye faida ya kiwanda chenye hataza karibu 300, kiwanda ambacho mitambo yake ilitumika sana upande wa Washirika katika Vita Kuu ya Pili. Alivuna kwanza. Anayetoa asilimia 90 ya mtaji wa mali kauli anatoa mali ya msambazaji.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: je, basi imani haina kazi yoyote sokoni? Inayo, na historia yake si ya miujiza. Waquaker wa Uingereza, wa dhehebu lilelile la Marafiki ambalo Wamarekani wake walianzisha misheni ya Kaimosi magharibi mwa Kenya mwaka 1902, walifungiwa milango ya vyuo vikuu vikongwe, wakaingia kwenye biashara. Waliuza kwa bei moja kwa kila mteja wakati wengine wakipatana, na aliyefilisika aliitwa na kanisa lake aeleze alivyoendesha mambo, akaweza hata kutengwa. Mtu akituma mtoto dukani kwao alijua hatapunjwa, na hilo lilirudisha wateja. Kutoka kwao tulipata Cadbury, Rowntree, Barclays na Lloyds. Si kwamba walikuwa malaika. Cadbury ilinunua kakao ya São Tomé iliyolimwa kwa kazi ya kitumwa hadi 1909 ndipo ikaisusia. Ila angalia mahali imani yao ilipogusa: bei, mizani, madeni, daftari. Muumini wetu anatoa fungu la kumi bila kukosa, na risiti ya EFD hatoi. Mshahara wa mfanyakazi umelala miezi miwili, michango yake ya NSSF haijapelekwa, na mbegu imepandwa.

Kwa anayetaka la kufanya kesho asubuhi: namba ya malipo ya duka iwe mbali na simu yako. Jilipe mshahara unaojulikana, hata kama ni mdogo, usiguse droo. Andika mauzo na manunuzi kila jioni. Funga hesabu mwisho wa mwezi, toa sadaka kwenye faida, na mwezi wa hasara usitoe mtaji wa duka. Lipa wafanyakazi na wasambazaji kabla ya mchango wa ujenzi. Bidhaa iliyolala siku 90 iuze kwa bei ya kununulia. Kanisa likiomba pesa, liombe nalo taarifa yake ya mapato na matumizi. Omba kadiri unavyotaka; maombi hayapunguzi mtaji.

Na atakayekuja tena kuuliza apande kiasi gani, aje na daftari la mauzo la miezi mitatu. Bila hilo, asije.