Kifundo cha Mguu Kikigandishwa kwa Skurubu

Leo kwenye kipindi cha afya tunazungumzia kifundo cha mguu kilichoumia zamani na hakikupona vizuri.

Ndani ya kifundo mifupa imefunikwa na gegedu, kile kitu cheupe na laini unachokiona mwisho wa mfupa wa kuku. Gegedu likiisha, mfupa unasaga mfupa. Hapo daktari anaweza kuikwangua mifupa hiyo na kuikaza kwa skurubu mpaka ishikane iwe mmoja. Maumivu hupungua, ila kifundo hakikunjiki tena.

Si upasuaji wa kila siku. Wengi wanaoufikia walivunjika au kuteguka vibaya miaka ya nyuma.

Gharama yake ni skurubu, eksirei, kitanda, safari za kwenda na kurudi. Mifupa isiposhikana unapasuliwa tena, na wavuta sigara ndio hupatwa zaidi. Kwa hiyo kamati ya rufaa huuliza: tiba itamsaidia huyu kiasi gani, na kwa pesa ngapi? Plasta ya siku ya kwanza ni rahisi mno kando ya hayo. Ukianguka, kifundo kikavimba na hatua nne zikakushinda, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Usianze na kukandwa.

Na ukipangiwa upasuaji, fikiria nyumbani. Mara nyingi utakaa wiki 6 au zaidi bila kukanyagia mguu huo. Nani atachota maji? Nani atapanga foleni ya mgao? Huyo mwandikishe kabla hujasafiri.