Kufundisha Somo la Makaa ya Mawe na Nishati Safi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tulimsikiliza mwanachuo mmoja akifundisha Darasa la Sita juu ya vyanzo vya nishati. Alieleza kwamba nchi kadhaa zinaacha kufua umeme kwa makaa ya mawe kwa sababu yanachafua hewa. Wanafunzi waliyarudia maneno hayo bila kukosea. Alipouliza makaa ya mawe ni kitu gani, mtoto mmoja alijibu, "Ni mkaa unaopatikana kwa kuchoma mawe kwenye tanuri." Darasa zima likaafiki.

Mtoto yule hakufanya mzaha. Alifikiri kwa lugha yake, na lugha ikampoteza njia. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi mwalimu awezavyo kufundisha somo hili ili lieleweke, kwa kutumia mfano wa Uingereza, nchi ambayo safari yake ya makaa ya mawe ina mwanzo na mwisho unaojulikana.

Hatua ya Kwanza: Kupambanua Maana

Mwalimu hana budi kuanza na mkaa ambao watoto wanaujua. Mkaa wa jikoni hutokana na miti iliyokatwa na kuchomwa kwa siku chache tu. Makaa ya mawe hayatengenezwi na mtu. Ni mabaki ya mimea ya kale iliyofunikwa na matope, ikagandamizwa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka hadi ikawa kama jiwe. Katika nchi yetu huchimbwa mahali kama Ngaka, mkoani Ruvuma. Kaboni iliyokusanywa na mimea hiyo ilikaa ardhini muda wote huo. Tunapoyachoma, tunairudisha hewani kwa mara moja ikiwa hewa ya ukaa, ambayo huzuia joto la dunia lisitoke.

Hatua ya Pili: Gurudumu Moja, Nguvu Nyingi

Wanafunzi wengi hudhani kwamba umeme umo ndani ya makaa. Yafaa mwalimu atengeneze gurudumu dogo lenye mapanga, kwa bati la kopo na msumari. Achemshe maji katika birika, kisha aliweke gurudumu mbele ya mvuke unaotoka mdomoni. Kazi hii aifanye mwenyewe, na wanafunzi wakae mbali, maana mvuke huunguza vibaya. Baada ya hapo gurudumu lile lile lizungushwe kwa maji yanayomiminwa, kisha kwa kupulizwa.

Hapo wanafunzi wataona wenyewe kwamba kazi ya makaa ni kuchemsha maji tu. Gurudumu likizunguka, huzungusha jenereta, na jenereta ndiyo inayotoa umeme. Pale Kidatu, gurudumu huzungushwa na maji ya mto Ruaha Mkuu, wala hapachomwi kitu. Basi kuacha makaa ya mawe ni kubadili kinachozungusha gurudumu. Mwalimu asisahau kueleza kwamba paneli za jua ni tofauti: hizo hugeuza mwanga kuwa umeme bila gurudumu lolote.

Hatua ya Tatu: Kamba ya Miaka

Mwalimu achukue kamba yenye urefu wa sentimeta 142 na kuitundika ukutani. Kila sentimeta ni mwaka mmoja. Mwanzo wa kamba ni mwaka 1882, kilipofunguliwa kituo cha umeme wa makaa ya mawe pale Holborn Viaduct, London. Mwisho wake ni mwaka 2024, kwani tarehe 30 Septemba mwaka huo kituo cha Ratcliffe-on-Soar, cha mwisho cha aina hiyo nchini Uingereza, kilifungwa.

Kwenye sentimeta ya 70 lifungwe fundo. Huo ni mwaka 1952, ambapo moshi wa makaa uliochanganyika na ukungu uliifunika London kwa siku 5 mwezi Desemba, na maelfu ya watu wakafa. Sheria ya hewa safi ilipitishwa mwaka 1956. Fundo jingine lifungwe kwenye sentimeta ya 130, mwaka 2012. Wakati huo makaa ya mawe yalikuwa bado yanatoa karibu asilimia 40 ya umeme wa nchi ile.

Sasa wanafunzi waulizwe: kutoka fundo hilo hadi mwisho, zimebaki sentimeta ngapi? Ni 12 tu. Jambo lililojengwa kwa zaidi ya karne moja liliondolewa kwa miaka 12. Kodi juu ya hewa ya ukaa ilifanya makaa yawe ghali, vituo vingi vilikuwa vimezeeka, na mitambo ya upepo ilijengwa kwa wingi nchi kavu na baharini. Aidha, sehemu ya pengo ilizibwa na gesi asilia, ambayo nayo hutoa hewa ya ukaa, ingawa ni kama nusu ya ile ya makaa. Mwalimu asilifiche jambo hili.

Hatua ya Nne: Waliopoteza

Mnamo mwaka 1920 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walizidi milioni moja. Mgodi wa mwisho wa chini sana ya ardhi, Kellingley, ulifungwa Desemba 2015. Miji iliyoishi kwa migodi ilibaki bila kazi. Wanafunzi wajadili kwa makundi: mchimbaji angestahili kutendewa nini?

Tunasisitiza hatua hii kwa sababu iko karibu nasi. Huenda darasani yumo mtoto ambaye baba yake huchimba makaa ya mawe, na bila shaka wamo wengi ambao mama zao hupikia kuni au mkaa. Mwalimu akifundisha kwamba anayechoma makaa ni mkosaji, mtoto huyo atajifunza kuwaonea haya wazazi wake, wala hatajifunza sayansi.

Swali la mtihani lisemalo, "Taja madhara matatu ya makaa ya mawe," hupima kumbukumbu tu. Afadhali tuulize: "Kijiji kinataka umeme. Nini kitazungusha gurudumu, nani atafaidika, na nani atapata hasara?" Mtoto awezaye kulijibu swali hilo amelielewa somo.