Huye: mji uliojengwa na wanafunzi, na mzigo wa kuishi bila wao

Mwezi Machi mwaka 2023, mji wa Huye, kusini mwa Rwanda, ulipata habari ambayo wenyeji wake hawakuitarajia. Mechi ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kati ya Rwanda na Benin, iliyokuwa imepangwa kuchezwa katika uwanja wa mji huo, iliondolewa. Safari hii kasoro haikuwa nyasi wala taa za uwanja, kwani uwanja wenyewe ulikuwa umetoka kukarabatiwa. Shirikisho la Soka barani Afrika, CAF, lilieleza kuwa Huye haina hoteli za kiwango kinachotakiwa kwa timu za taifa na waamuzi. Baada ya mvutano wa siku kadhaa, mechi ilichezwa Kigali tarehe 29 mwezi huo bila watazamaji, ikaisha kwa sare ya bao 1 kwa 1.

Miezi mitano baadaye, mwezi Agosti, mji huohuo ukapokea michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, inayojulikana kwa kifupi FEASSSA. Wanafunzi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, pamoja na wenyeji Rwanda, walicheza soka, mpira wa wavu, mpira wa kikapu, mpira wa mikono na michezo mingine kwa zaidi ya juma moja, baadhi ya mechi zikichezwa katika wilaya jirani ya Gisagara. Mji ulioambiwa hauna mahali pa kulaza wachezaji wa timu mbili ukapata mahali pa kulaza vijana wa mataifa manne.

Tofauti hiyo inafafanulika kwa urahisi, na ndiyo inayoeleza Huye ni mji wa namna gani. Timu za shule hazilali hotelini. Hulala katika mabweni, hula chakula kilichopikwa katika masufuria ya shule na hufanya mazoezi katika viwanja vya shule. Michezo hii huwekwa Agosti, nao mwaka wa masomo wa Rwanda humalizika Julai na kuanza tena Septemba, na katika wiki hizo vitanda vya wanafunzi huwa vitupu. Kwa mizani ya CAF, Huye ni mji mdogo. Ukiupima kwa vitanda vya mabweni, ni miji michache nchini inayoweza kushindana nao.

Wingi huo wa vitanda una historia ndefu. Wakati wa utawala wa Ubelgiji mji uliitwa Astrida, kwa heshima ya Astrid, aliyekuwa malkia wa Ubelgiji. Mwaka 1929 mabruda wa shirika la Kikatoliki la Brothers of Charity walianzisha hapo shule ambayo ingekuja kuwa mashuhuri kuliko nyingine zote katika Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za leo. Watoto wa machifu walisomeshwa humo ili wawe watumishi wa utawala, na wengine wakafundishwa uganga wa binadamu na wa mifugo, au kilimo. Mtu aliyesoma hapo alitambulishwa kwa jina la shule hiyo maisha yake yote. Shule ingali ipo, na leo inaitwa Groupe Scolaire Officiel de Butare, ingawa Wanyarwanda wengi huitaja kwa jina la Indatwa n'Inkesha.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, wengi walidhani Astrida ndiyo ingefanywa mji mkuu, kwa kuwa ilikuwa imeendelea kuliko Kigali, ambayo wakati huo ilikuwa makazi madogo juu ya kilima. Kigali ikachaguliwa kwa kuwa iko katikati ya nchi. Astrida ikapewa jina la Butare, na mwaka uliofuata ikapata kitu kingine kilichokuwa na manufaa kwake pengine kuliko wizara: Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda. Kilifunguliwa Novemba 1963 kwa msaada wa watawa Wadominiko kutoka Kanada, kikiwa na wanafunzi 51 na wahadhiri 16. Jina la Huye lilikuja baadaye sana, katika mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, ingawa wazee bado husema Butare, na wasafiri wengi kwenye kituo cha mabasi cha Nyabugogo husema hivyohivyo.

Kwa nusu karne uchumi wa mji ulizunguka chuo. Mwenye shamba dogo Tumba au Cyarwa alijenga vyumba vinne nyuma ya nyumba yake na kuvipangisha kwa wanafunzi. Kando ya barabara inayoelekea Ruhande, kilipo chuo, palikuwa na maduka ya fotokopi, vinyozi, wauza mishikaki, mafundi cherehani na mama wanaouza chai na maandazi. Biashara hizi zilihitaji mtaji mdogo, na zote zilisimama juu ya mteja mmoja. Septemba alikuwepo, likizo ikifika aliondoka, na mwenye duka alijua namna ya kujibana hadi arudi.

Mwaka 2013 hesabu hiyo ikavurugika. Serikali iliunganisha taasisi saba za elimu ya juu za umma kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Rwanda, na makao yake makuu yakawekwa Kigali. Nia ilikuwa kupunguza gharama na kuzuia kozi zilezile kurudiwa katika vyuo tofauti, na kwa upande wa bajeti ya taifa hoja hiyo ilikuwa na uzito. Huye ndiyo iliyolipa gharama ya mabadiliko hayo. Vitivo kadhaa vilihamishiwa kampasi nyingine, idadi ya wanafunzi ikashuka, na vyumba vya kupanga vikabaki na kufuli mlangoni. Mwenye nyumba aliyekopa benki ili ajenge hakuwa na chuo kingine cha kukingojea. Katika miaka iliyofuata baadhi ya masomo yalirejeshwa kampasi ya Huye, na vyumba vikaanza kupata wapangaji tena, lakini somo lilikuwa limeeleweka: mji wenye mteja mmoja hauna sauti siku mteja huyo anapofunga virago.

Serikali nayo ilikuwa imeiweka Huye miongoni mwa miji sita inayotakiwa kukua ili kupunguza msongamano wa Kigali. Mingine ni Muhanga, Musanze, Rubavu, Rusizi na Nyagatare. Barabara za lami ziliongezwa ndani ya mitaa, na uwanja wa Huye ukajengwa. Mwaka 2016, Rwanda ilipoandaa mashindano ya CHAN kwa wachezaji wanaosakata soka katika ligi za nyumbani, kundi B lilichezwa hapo, na ndilo kundi la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotwaa kombe hilo mwishoni. Mabadiliko hayo yaligusa pia mtaa unaojulikana vyema na wasomaji wa Kiswahili.

Mtaa huo unaitwa Cyarabu, na uko katika tarafa ya Ngoma. Jina linatokana na wafanyabiashara Waarabu waliofungua maduka hapo zama za Astrida, na pamoja nao wakaja Waswahili, wapagazi, washonaji na walimu wa Qur'ani kutoka pwani na kutoka upande wa Ujiji. Kwa miaka mingi hapo ndipo Kiswahili kiliposikika zaidi mjini, dukani na msikitini. Nyumba za zamani zilipozeeka, uongozi uliagiza zifungwe na wamiliki wajenge upya kwa kufuata ramani kuu ya mji, yaani kwa magorofa. Kwa familia zenye nyumba ya urithi ya watoto wengi, agizo la kujenga gorofa ni gumu kutekelezeka: hakuna mmoja mwenye fedha hizo, na kuuza kunahitaji wote wakubaliane. Ndiyo maana majengo mapya ya mtaa huo yamesimama jirani na viwanja vilivyo wazi. Mji unapokua kwa ramani, kumbukumbu za walioutangulia hazina ramani yake, na hilo ni jambo ambalo viongozi wa miji hii sita bado hawajalitafutia jibu la kuridhisha.

Bahati nzuri, lugha yenyewe haikufungwa pamoja na nyumba. Bunge la Rwanda lilipitisha mwaka 2017 sheria inayokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na katika michezo ya shule za Afrika Mashariki sheria hiyo hupata maana ya kila siku. Kijana wa Mwanza na mwenzake wa Kakamega wana Kiswahili tayari. Anayehitaji kujifunza ni muuza matunda wa Huye, na yeye hujifunza haraka kuliko mtu yeyote, kwa sababu kila neno lina bei yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hata hivyo, mchezo ulioifanya Huye iwe na jina katika michezo ya shule si soka. Ni mpira wa wavu. Mchezo huu unahitaji nafasi ndogo, wavu na mpira mmoja, na shule za bweni za kusini zimekuwa zikiulea kizazi baada ya kizazi, hata timu nyingi za nchi zikapata wachezaji wao hapo. Kila mwaka hufanyika mjini humo mashindano mawili yenye uzito wa pekee. Moja ni Memorial Kayumba, linaloandaliwa na Groupe Scolaire Officiel kumkumbuka padri Emmanuel Kayumba aliyewahi kuiongoza. Jingine ni Memorial Rutsindura, la seminari ndogo ya Virgo Fidelis iliyopo Karubanda. Alphonse Rutsindura alikuwa mwalimu wa seminari hiyo na mlezi wa mpira wa wavu. Aliuawa mwaka 1994 katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, na wanafunzi aliowafundisha ndio walioamua akumbukwe uwanjani.

Ni vigumu kueleza Butare ya 1994 kwa maneno machache. Mkoa huo ulichelewa kuingia katika mauaji kwa sababu gavana wake, Jean-Baptiste Habyalimana, aliyapinga. Aliondolewa madarakani katikati ya mwezi Aprili, na baada ya siku chache damu ikamwagika hapo kama kwingineko. Malkia mjane Rosalie Gicanda, aliyekuwa akiishi mjini, aliuawa tarehe 20 Aprili. Shule, chuo na hospitali vilipoteza walimu, wanafunzi na wagonjwa. Kwa hiyo jina la mwalimu linapoandikwa juu ya jezi, halipo hapo kama pambo la mashindano.

Utamaduni wa mji nao umepita katika njia hiyohiyo. Makumbusho ya Ethnografia, yaliyofunguliwa mwaka 1989 kwa zawadi ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji kuadhimisha miaka 25 ya uhuru, yana kumbi saba zinazoonyesha maisha ya Wanyarwanda tangu zana za mkulima hadi nyumba ya mfalme. Mabasi ya wanafunzi husimama hapo kila muhula, na wacheza intore hutumbuiza uani. Ndani kuna ngoma, na ngoma hizo ndizo zilizoleta jambo jipya nje ya makumbusho.

Katika Rwanda ya kale ngoma ilikuwa alama ya ufalme, na mwanamke hakuruhusiwa kuipiga. Mwaka 2004, Odile Gakire Katese, msanii aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha sanaa cha chuo kikuu, alianzisha Huye kundi la wanawake wapiga ngoma liitwalo Ingoma Nshya, yaani ngoma mpya. Walikaa ngoma kwa ngoma wanawake walionusurika na wanawake ambao waume au baba zao walikuwa gerezani kwa kushiriki mauaji. Baadaye, mwaka 2010, baadhi yao walifungua mjini duka la aiskrimu, Inzozi Nziza, maana yake ndoto njema. Wapo waliocheka, aiskrimu katika mji wa chai ya maziwa! Lakini duka liliwapa ajira, na wanafunzi wakapata mahali pa kukaa jioni pasipo na pombe.

Mechi za timu ya taifa, Amavubi, zilirudi Huye baada ya ule mkasa wa hoteli. Senegal ilitoka sare ya 1 kwa 1 hapo Septemba 2023, na Novemba mwaka huo Afrika Kusini ikafungwa mabao 2 kwa 0 katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Siku hizo nyumba za wageni zilijaa hadi Tumba. Lakini zilichezwa Huye kwa sababu uwanja wa Amahoro wa Kigali ulikuwa unajengwa upya. Amahoro ulifunguliwa Julai 2024 ukiwa na viti 45,000, na Amavubi wakahamia huko.

Uwanja wa Huye umebaki na Mukura Victory Sports, klabu iliyoanzishwa mwaka 1963, mwaka uleule wa chuo kikuu. Na mashindano ya mpira wa wavu yameendelea. Katika Memorial Rutsindura, kando ya timu za shule na za klabu, kuna kundi la maveterani: watu wazima waliosoma Huye, sasa wakiwa na kazi Kigali au nje ya nchi, wanaorudi na familia zao kucheza seti chache kwa magoti yanayolalamika. Hawa hawalali bwenini. Ijumaa jioni wanatafuta vyumba mjini, na wengi wao humtafuta kwanza mwenye nyumba aliyewapangisha walipokuwa wanafunzi.