Kolwezi: Mafundi wa simu wajihadhari na moshi wa nishadiri

Ncha ya chuma cha kulehemu ikiwa nyeusi, bati halishiki tena na kazi ya fundi wa simu inasimama. Dawa moja ya zamani ni nishadiri, yaani kloridi ya amonia, chumvi nyeupe inayouzwa kama kipande kigumu. Inasafisha vizuri, lakini moshi wake unadhuru.

Chumvi hiyo ikifikia joto la digrii 338 hivi, inagawanyika kuwa gesi mbili: amonia na gesi ya asidi. Asidi ndiyo inayokula ule weusi. Gesi zote mbili zinachoma macho, koo na mapafu, hasa ndani ya kibanda kisicho na dirisha.

Fundi anayeitumia afungue mlango, aweke feni ya kupeleka moshi nje, avae miwani ya kinga, wala asiinamie meza. Ncha isuguliwe sekunde chache tu, ifutwe kwa sponji yenye maji kidogo, kisha ipakwe bati mara moja. Akimaliza, anawe mikono kabla ya kula. Kipande kikae pakavu, ndani ya chombo kilichofungwa, mbali na watoto na maji ya javeli, kwani vikichanganyika hutoa gesi ya sumu.

Isiwe kazi ya kila siku. Ndani ya ncha kuna shaba, madini yale yale yanayochimbwa Kolwezi, iliyofunikwa kwa chuma chembamba. Asidi ikitoboa chuma hicho, bati la moto linakula shaba na ncha imekwisha. Kwa siku za kawaida, sponji na bati jipya vinatosha.